Nikipanda cheo kazini, je, nitaiangusha familia yangu?

BARUA

Shikamoo Mshauri, na pole na kazi.

Mimi ni mama wa miaka 38 na nina watoto wanne; wa kwanza ana miaka 15 na wa mwisho ana miaka minne. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo. Mwaka 1996 tulivuka Ziwa Tanganyika usiku tukitokea Baraka, nikiwa na miaka tisa, na hatimaye tukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambayo wakati huo ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa. Nilikaa pale miaka 20: nilisoma pale, nikaolewa pale, nikazaa watoto wangu wawili wa kwanza pale. Mwaka 2016 tuliletwa hapa Kentucky, Marekani. Mume wangu aliondoka mwaka 2021, na hilo sitaki kulizungumza zaidi ya hapo.

Tangu mwaka 2018 ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Ninawaogesha, ninawalisha, na ninawageuza kitandani wasipate vidonda. Ninalipwa dola 17 kwa saa, kwa saa 36 za wiki. Fedha hizo hazitoshi kulipa pango la nyumba ya watu watano, kwa hiyo tuna vocha ya nyumba, yaani msaada wa serikali wa kulipa pango, ambayo niliisubiri kwa miaka mitatu, tuna kadi ya chakula inayoingiza karibu dola 640 kwa mwezi, watoto wana bima ya afya ya serikali, na mtoto wangu mdogo analipiwa sehemu kubwa ya ada ya kituo cha kulelea watoto.

Kuna shirika moja lisilo la kiserikali linalohudumia kaunti kadhaa za kanda yetu. Nilikwenda kwao mara ya kwanza wakati wa baridi, bili ya umeme ilipokuwa imenishinda, wakanilipia. Baadaye wakaniingiza katika mpango wa miaka mitano wanaouendesha pamoja na mamlaka ya nyumba, wa kusaidia familia za kipato cha chini zijitegemee. Nilitia saini mkataba miaka miwili iliyopita. Ndani yake niliahidi kupata leseni ya udereva, kumaliza masomo ya Kiingereza, na kutafuta kazi bora zaidi. Mawili ya mwanzo nimeyatimiza. Afisa anayesimamia faili letu ni binti mwema sana, na sina lawama naye. Siku ya kutia saini alinieleza pia kuhusu akaunti fulani ambayo mamlaka ya nyumba ingeniwekea fedha. Neno alilolitumia sikulielewa, nikaitikia kwa kichwa. Mpaka leo ninapokea barua za akaunti hiyo, na ya mwisho ilisema kuna dola 2,900, lakini sijui zimetoka wapi wala zitakuwa zangu lini. Nadhani nitapewa siku nitakaporudisha vocha.

Sasa wiki iliyopita msimamizi wangu kazini aliniita ofisini. Wanataka niwe mratibu wa zamu, yaani mtu anayepanga nani aingie asubuhi na nani aingie usiku, na anayetafuta mtu wa kuziba pengo mtu mwingine asipokuja. Mshahara ni dola 22 na senti 50 kwa saa, kwa saa 40 za wiki. Nilihesabu nikakuta ni nyongeza ya dola 1,248 kwa mwezi kabla ya makato. Sijawahi kushika fedha ya namna hiyo. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Badala ya kufurahi, sikulala. Mama mmoja wa kanisani kwetu, ambaye ninamheshimu kama mama mkubwa, aliniambia: «Mwanangu, kataa. Mimi nimekataa nyongeza mara tatu na bado niko ndani ya nyumba. Ukipanda kidogo watakata chakula, watakata nyumba, watakata mtoto, halafu hiyo kazi yenyewe itakuacha.» Shemeji yangu naye anasema nikubali kazi lakini nisiripoti, au niseme saa zimeongezeka kidogo tu, kwani nani atajua? Nilimjibu kwamba mwaka huu nimeomba uraia na naogopa. Akacheka.

Yule afisa wa shirika nilipompigia simu alifurahi mpaka akapaza sauti. Alisema, «Ninaisubiri siku ambayo hutatuhitaji tena.» Najua alisema kwa upendo, lakini Mshauri, neno lile lilinichoma. Nilijiuliza kama kumbe siku zote hizi walikuwa wananihesabia siku niondoke.

Liko pia jambo la karatasi. Kila baada ya miezi mitatu tunakaa na afisa tunajaza karatasi ya bajeti: pango, umeme, gari, chakula, simu, akiba. Kila mwezi mimi hutuma dola 150 kwa mama yangu, ambaye bado yuko Nyarugusu, ambako posho ya chakula imepunguzwa mara kadhaa. Katika karatasi ile hakuna mstari wa mama. Afisa aliandika «Mengineyo» na akaniambia, kwa upole, kwamba pengine hapo ndipo tungeweza kupunguza.

Kambini, siku za uhakiki, mama alikuwa akiniamsha alfajiri niviringe mablanketi mawili mapya niyapeleke kwa jirani ambaye zamu yake ilikuwa bado, wasije wakasema sisi tuna vitu. Juzi usiku, nikiwa na karatasi ya kazi mpya mkononi, nilijikuta natafuta mahali pa kuificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Niliiweka chini ya godoro.

Nisaidie kufikiri. Nikikubali, je, nitawavusha watoto wangu au nitawaangusha?

Mama wa Wanne, Kentucky

JIBU

Marahaba, Mama wa Wanne, na ahsante kwa barua iliyoandikwa na mtu anayejua kuhesabu. Nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nilisimama pale penye godoro.

Kama nimekuelewa, unakabiliwa na mambo mawili yaliyofungwa pamoja, na ndiyo maana hayafunguki. La kwanza ni la hesabu: mshahara ukipanda, misaada minne inapungua, na hujui kama kinachoingia kitazidi kinachotoka. La pili ni la moyo: watu wanaokupenda wanakuvuta pande tofauti, mmoja akikuambia ubaki ulipo, mwingine ufiche, na wa tatu akifurahia siku utakayoondoka. Tuanze na hesabu, si kwa sababu ni kubwa kuliko moyo, bali kwa sababu baadhi ya hofu yako imejengwa juu ya mambo ambayo huenda hayako kama ulivyoambiwa.

Mama wa kanisani anaeleza kukatwa kwa misaada kama ukingo wa korongo: hatua moja, umeanguka. Hajazua. Makorongo ya namna hiyo yapo kweli katika mfumo wa Marekani, na watu wenye akili wamekataa vyeo kwa ajili yake. Lakini si kila msaada umejengwa kama korongo. Mingine imejengwa kama ngazi, na ni muhimu ujue ipi ni ipi.

Vocha ya nyumba ni ngazi. Kwa kawaida mpangaji hulipa asilimia 30 ya kipato chake baada ya kutoa punguzo fulani, kama lile la kila mtoto, na vocha hulipa sehemu inayobaki. Nyongeza yako ya dola 1,248 ingeongeza pango lako kwa takriban dola 374 kwa mwezi; isingekuondolea vocha kesho yake. Na hata ikitokea siku moja kipato chako kikawa kikubwa kiasi kwamba vocha hailipi chochote, haifungwi siku hiyo hiyo: hufungwa siku 180 baada ya malipo ya mwisho. Kumbuka pia kwamba ngazi hiyo hushukika, maana kipato kikipungua, una haki ya kuomba pango lako lihesabiwe upya.

Sasa nifike kwenye ile akaunti uliyoitikia kwa kichwa, kwani hapo ndipo barua yako iliponishtua. Ulivyoeleza, mpango wenu unafanana kabisa na mpango wa taifa wa kujitegemea kwa familia ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1990 na kusimamiwa na wizara ya nyumba. Katika mpango huo, pango linapoongezeka kwa sababu mshahara wa mtu umepanda, mamlaka ya nyumba huweka kiasi kinacholingana na ongezeko hilo katika akaunti ya amana yenye riba, kwa ajili ya familia hiyo. Dola 2,900 ulizonazo hazikutoka kwa mfadhili. Zimetoka katika nyongeza zako ndogo za miaka miwili. Zile dola 374, ambazo wewe umeziandika upande wa hasara, huenda zote au sehemu kubwa yake zikaingia humo kila mwezi. Umebakiza miaka mitatu, yaani miezi 36. Piga hesabu mwenyewe, utakuta zaidi ya dola 13,000.

Na dhana yako kwamba utapewa siku utakaporudisha vocha, kwa kanuni za mpango huu sivyo ilivyo. Unachotakiwa ni kutimiza malengo uliyoandika, kuwa na kazi, na mwishoni mwa mkataba asiwepo mtu nyumbani kwako anayepokea ule msaada wa fedha taslimu wa serikali. Kadi ya chakula, bima ya afya na vocha yenyewe si fedha taslimu za namna hiyo. Hatari ya kweli iko mahali pengine: ukitoka katika mpango kabla ya kutimiza mkataba, kwa mfano ukihama ovyo au ukiondolewa kwa kosa, fedha hizo zinapotea. Hili usilichukue kutoka kwangu peke yangu. Chukua mkataba wako, uliza kama ofisi inaweza kukutafutia mkalimani wa Kiswahili bila kukutoza, na umwombe afisa akusomee kipengele kwa kipengele. Mara hii, usipoelewa, usiitikie.

Chakula nacho ni ngazi, ila ina ukingo juu yake. Kwa kawaida kila dola 100 mpya za mshahara hupunguza msaada wa chakula kwa kati ya dola 24 na 36. Kwa nyongeza yako, tarajia kupoteza dola 300 hivi au zaidi kidogo, na ubaki na karibu nusu ya unachopata sasa. Ukingo ni kikomo cha kipato ghafi, yaani kabla ya makato, ambacho kwa kanuni ya msingi ya taifa ni asilimia 130 ya mstari wa umaskini, ingawa majimbo mengi yamekisogeza juu. Kwa familia ya watu watano, mshahara mpya wa dola 3,900 kwa mwezi uko karibu sana na kikomo hicho cha msingi. Maana yake ni kwamba zamu mbili za ziada katika mwezi mmoja, ambazo mratibu wa zamu hulazimika kuzifanya mwenyewe pengo lisipozibika, zinaweza kuwa na bei ambayo haimo katika hati ya mshahara. Uliza kikomo cha Kentucky cha mwaka huu kabla ya kusema ndiyo.

Bima ya afya sina wasiwasi nayo sana. Kentucky ni miongoni mwa majimbo yaliyopanua bima ya serikali kwa watu wazima mwaka 2014, na kikomo cha watoto huwa juu zaidi ya kile cha mzazi.

Kinachonitia wasiwasi ni kituo cha mtoto, na ajabu ni kwamba katika barua yako kimepata nusu sentensi. Hapo ndipo lilipo korongo ambalo mama yetu wa kanisani analisema. Ada kamili ya mtoto mmoja inaweza kumeza nyongeza yako yote. Hata hivyo, sheria ya taifa ya mwaka 2014 inataka mtoto akishakubaliwa apewe miezi 12 bila kuondolewa kwa sababu mshahara wa mzazi umepanda, mradi familia haijavuka asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo, na baada ya hapo kuwe na kipindi cha kupunguza polepole. Kwa hiyo tarehe moja ina uzito kuliko zote ulizozitaja: siku ya kuhuisha msaada wa kituo. Ikiwa ni mwezi ujao, una tatizo la mwezi ujao. Ikiwa umeihuisha juzi, una karibu mwaka mzima, na mtoto wa miaka minne katika mwaka mmoja anakaribia shule ya bure. Unaweza pia kuuliza kama shirika lenu linaendesha Head Start, mpango wa elimu ya awali usio na ada ulioanza mwaka 1965. Mashirika mengi ya aina yao huuendesha.

Ukitoa pango, chakula, na makato ya asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na bima ya wazee, ambayo ni kama dola 95, unabaki na dola 450 hivi mkononi kwa mwezi, kabla ya kodi ya mapato na kituo. Siyo dola 1,248 ulizoziona usiku ule. Lakini pia siyo korongo, na hapo sijahesabu zinazolala kwenye amana. Kuhusu marejesho ya kodi ya mwaka siwezi kukukadiria kwa haki, kwa sababu nafuu moja, ile ya wafanyakazi wa kipato cha chini, itapungua, na nyingine, ile ya watoto, huenda ikaongezeka. Watayarishaji wa kodi wa kujitolea wa mpango uitwao VITA hufanya hesabu hiyo bure.

Kuhusu shemeji, nitakuwa mfupi. Mamlaka za nyumba hulinganisha kile ulichoandika na kumbukumbu za mishahara ambazo waajiri huzipeleka serikalini, kwa hiyo swali lake la «nani atajua» lina jibu. Kwa mtu aliyekuja kama mkimbizi, kupokea msaada kihalali si kizuizi cha uraia. Kudanganya ili uupokee kunaweza kuwa. Na kuna jambo ambalo pengine yeye hakulijua: nyongeza isiyoripotiwa haiingii kwenye amana. Kumbe anakushauri uzifiche fedha zako hata wewe mwenyewe usizione.

Sasa turudi godoroni.

Mama yako hakuwa mwongo alipokuamsha alfajiri. Alikuwa anaishi mahali ambapo ruhusa ya kutoka ilikuwa ya kuombwa, kazi ilikuwa ya kubahatisha, na kilichopimwa ni upungufu wako. Mtu anayepimwa kwa upungufu hujifunza kuulinda upungufu huo kama mali. Alikufundisha somo sahihi kwa mahali pale. Ninachokuuliza, na sina jibu lake, ni hili: unapoogopa cheo hiki, ni kiasi gani cha hofu hiyo kinatoka katika hesabu za Kentucky, na ni kiasi gani kinatoka katika mablanketi mawili? Huenda ni nusu kwa nusu. Huenda hata mama wa kanisani, aliyekataa mara tatu, ana mablanketi yake. Mwulize siku moja, kwa heshima, kama alipokataa alikuwa amepewa namba zozote, au alikuwa amepewa hofu tu.

Kuhusu afisa aliyesema anaisubiri siku ambayo hutawahitaji: nakubali kwamba neno lile ni kali masikioni mwetu. Kwetu mgeni akiambiwa «naisubiri siku utakayoondoka», amefukuzwa. Lakini fikiria anakotoka. Mashirika ya namna hiyo, mengi yakijulikana kama Community Action, yalizaliwa kutokana na sheria ya mwaka 1964, wakati Rais Lyndon Johnson alipotangaza vita dhidi ya umaskini, na leo yako karibu elfu moja nchini humo. Lengo lao, na kipimo ambacho wafadhili huwauliza, ni familia ngapi zimesimama. Kwa hiyo kwake ilikuwa sifa, ya juu kabisa aliyonayo. Hata hivyo ninadhani unayo haki ya kumwambia jinsi ulivyoisikia. Na ujue kwamba katika mashirika yanayopata ile ruzuku ya taifa ya huduma za jamii, angalau theluthi moja ya wajumbe wa bodi hutakiwa kuwa wawakilishi wa watu wa kipato cha chini wa eneo hilo. Anayesema hutatuhitaji tena hajafikiria kwamba huenda wao ndio watakuhitaji wewe.

Neno lenyewe, kujitegemea, mimi nililisikia utotoni kwa maana nyingine. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania ililifundisha pamoja na ujamaa, kwa pumzi moja, na hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba anayejitegemea ni yule asiyemtegemea wala kutegemewa na mtu. (Tulilima shamba la shule kwa ajili ya neno hilo, na mahindi hatukuyaona, lakini hiyo ni barua nyingine.) Karatasi ya bajeti isiyo na mstari wa mama inatumia neno moja na letu, ila imelipunguza. Usikubali dola 150 zikae chini ya «Mengineyo», maana kilichoandikwa hapo ndicho hukatwa kwanza. Mwombe afisa aandike «Mama» na kiasi chake, kama alivyoandika pango. Ninavyomsoma katika barua yako, ataandika. Lakini upande wako pia kuna swali gumu: mshahara ukijulikana umepanda, je, watu wa nyumbani wataendelea kuomba 150? Wengi wetu tulioko ughaibuni tumeona cheo kikiyeyuka kwa kutuma. Amua kiasi kabla ya habari kufika.

Njia zilizo mbele yako ni zaidi ya mbili. Unaweza kukubali mara moja, na hatari yake ni kituo cha mtoto pamoja na kazi yenyewe. Umenieleza mshahara wake kwa senti lakini hukunieleza simu. Mratibu wa zamu ndiye anayepigiwa saa kumi alfajiri mtu asipokuja. Nani atabaki na watoto ukilazimika kwenda kuziba pengo? Binti au kijana wa miaka 15 atageuka mzazi bila kuulizwa, na hilo si la kuachwa litokee lenyewe.

Unaweza kukubali kwa masharti: kuomba uanze baada ya kuhuisha msaada wa kituo, kuomba iandikwe ni usiku ngapi utabeba simu, na kuomba ahadi ya maandishi kwamba kipindi cha majaribio kisipokwenda vizuri utarudishwa katika nafasi yako ya sasa. Hatari ni kwamba mwajiri anaweza kukataa, au kumpa mwingine. Lakini mwajiri aliyekufuata mwenyewe baada ya miaka hii yote ana sababu ya kukusikiliza.

Unaweza kukataa kwa sasa, ukatumia miaka mitatu iliyobaki kusomea uuguzi na kubakiza saa zako. Si woga kufanya hivyo, mradi uwe umekataa kwa sababu ya mpango ulioandikwa na si kwa sababu ya korongo lililosimuliwa. Hatari yake ni kwamba amana itakua polepole sana, na lengo la kazi bora lililomo katika mkataba wako litabaki wazi.

Mimi siwezi kukuchagulia, kwa sababu sijui tarehe ya kituo, sijui kikomo cha chakula cha mwezi huu, na sijui mwili wako umechoka kiasi gani kugeuza wazee. Wewe unajua la mwisho, na mawili ya kwanza unaweza kuyapata kwa ziara moja. Toa ile karatasi ya kazi chini ya godoro, uiweke katika bahasha pamoja na hati zako mbili za mwisho za mshahara, mkataba wa mpango, barua ya mwisho ya akaunti ya amana na barua ya kituo, kisha uombe miadi ya saa nzima, si ya dakika kumi na tano. Mwambie afisa mtengeneze safu mbili, mwezi kama ulivyo na mwezi kama utakavyokuwa, kila msaada kwenye mstari wake. Mstari wa mama uwemo katika safu zote mbili kabla hamjaanza kujumlisha.

Mshauri